Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: geti la maegesho nalo likaguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu maegesho ya ghorofa na ya chini ya ardhi, yale yenye geti, mashine ya tiketi na walinzi. Usalama huo nautaka kama kila mwenye gari, tena pengine kuliko wengi, maana nikivamiwa siwezi kukimbia. Lakini geti linalowekwa kumzuia mwizi linanizuia na mimi.

Natumia kiti mwendo, na gari naliendesha kwa mikono pekee, bila miguu. Mkono mmoja uko kwenye wenzo wa breki na mafuta, mwingine kwenye usukani. Aliyeweka mashine ya tiketi alidhani kila dereva anaweza kujiinua kitini, kujipinda na kutoa bega dirishani. Mimi kiuno hakinishiki. Basi naweka gia ya kuegesha, nafungua mlango, nainama nje huku nimeng'ang'ania usukani, na nyuma yangu honi zimeshaanza. Kuna kitufe cha kuita msaada. Ukikibonyeza, sauti inauliza una shida gani. Dereva kiziwi atajibu nini?

Nikivuka hapo, mlinzi ananiambia: "Shuka, fungua buti." Kushuka kwangu ni kutoa kiti mwendo kipande kwa kipande na kukiunganisha katikati ya njia ya magari. Simlaumu. Hajafundishwa kwamba anaweza kulifungua buti mwenyewe, mimi nikiwa nimemruhusu na ninamwona kwenye kioo.

Jengo moja ninalolifahamu limefunga mnyororo na kufuli kwenye nafasi zetu sisi wenye ulemavu ili wengine wasizichukue. Nia ni njema kabisa. Ila ufunguo anao mlinzi. Ili nimfikie mlinzi lazima nishuke, na ili nishuke salama lazima niwe nimeshaegesha. Siku hiyo niligeuza gari nikarudi nyumbani.

Sijataja mlango mzito unaojifunga kabla kiti hakijapita, wala lifti isiyofika ghorofa ya chini kabisa. Hayo wataalamu wako wanayajua.

Mheshimiwa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 9, unazitaka serikali zibaini vikwazo vya namna hii na kuviondoa. Unayagusa hata majengo ya watu binafsi yanayohudumia umma, kwa hiyo mwenye jengo hawezi kujitetea kwamba geti ni mali yake. Marekani, kwa viwango vya mwaka 2010, nafasi ya gari kubwa lenye lifti ya kiti mwendo inatakiwa iwe na kimo kisichopungua kama mita 2.5, na njia ya gari kuifikia nafasi hiyo vilevile. Hilo ndilo jambo lenyewe: njia nzima. Mkaguzi anayepima upana wa nafasi, akatazama mchoro wa kiti mwendo sakafuni na kusaini, hajakagua kitu.

Ninaloomba ni moja. Maegesho yoyote yenye geti yasipewe kibali cha kutumika mpaka dereva mwenye ulemavu aingie, aegeshe, afike kwenye lifti, arudi na kutoka, bila kushikwa mkono na mtu. Kwa majengo ya zamani, wamiliki wapewe muda maalumu. Kamera ya kusoma namba za gari inafungua geti bila dereva kunyoosha mkono, na pale kwenye kitufe cha msaada panaweza kuandikwa namba ya kutuma ujumbe mfupi. Walinzi nao wafundishwe. Hilo halihitaji hata tofali moja.

Kwa jaribio la kwanza, mimi na gari langu tuko tayari. Chagua jengo lolote, hata la wizara yako, na mkaguzi wako akae kiti cha abiria.

Wako,
Dereva anayetumia kiti mwendo