Mwache akusimulie kwanza

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi toka huku pwani. Sisi wazima, ukiacha miguu ya baba inayovimba kila mvua ikinusa kuja. Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimamisha cherehani. Unasema kijana yuko kidato cha nne, Novemba inabisha hodi, Historia na Uraia vinamtoa jasho, na wewe umebaki kumchemshia chai tu kwa sababu "mimi niliishia la saba, hicho Kiingereza nitakitoa wapi?" Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mwaka juzi nilikuwa hapo hapo ulipo.

Ngoja nikwambie nilivyovuruga. Binti yangu alipoingia kidato cha nne nilinunua madesa kwa mwalimu mmoja wa tuisheni, rundo la fotokopi lililobanwa kwa pini, shilingi 15,000, nikamwambia kariri. Akakariri kweli. Usiku namsikia chumbani anaimba hoja kwa Kiingereza kama kasuku. Simu nikamnyang'anya, mashoga zake nikawafungia mlango. Ikaja moko, ule mtihani wa majaribio: Historia, F. Nikaiomba ile karatasi nione kwa macho yangu. Insha ya Vita vya Maji Maji, kurasa mbili na nusu, mwandiko umenyooka, na pembeni hakuna vema hata moja. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya neno moja tu kwenye swali: "effects". Nikamuuliza mtoto, hili maana yake nini? Kimya. Wewe uliandika nini? "Niliandika kodi ya kibanda, pamba ya kulazimishwa, ukatili wa maakida, wale wasimamizi wa Wajerumani..." Shoga, mimi huyu wa la saba nikaelewa pale pale. Kaulizwa vita vilileta nini, yeye kajibu vilitokana na nini.

Mambo yote alikuwa nayo kichwani, ila kwa lugha ambayo hajawahi kuyawazia. Shule ya msingi walisoma Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili, wakavuka kidato cha kwanza wakakuta kila kitu kimegeuka. (Mdogo wake yuko kwenye mtaala mpya, wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na huyo wakati wa kula hanyamazi.) Basi nikaona kumbe mimi nina kazi ya kufanya.

Kila jioni nikiwa napiga lufta za nguo za watu, nilimwambia akae kwenye kigoda anisimulie mada moja, kwa Kiswahili, kama anavyonisimulia umbeya wa shuleni. Hakuna daftari. Mimi nauliza mawili tu: "kwa nini?" na "halafu ikawaje?" Siku ya kwanza hakufika mbali. Alinambia mwaka 1905 watu wa Umatumbi waliamka wakang'oa pamba. Kwa nini? Kwa sababu Wajerumani walikuwa wanatutawala. Nikamwambia, mwanangu, mtu hang'oi shamba kwa sababu anatawaliwa, kuna kitu kilichomfika shingoni. Akaenda kusoma tena. Kesho yake ananieleza mwenyewe: shamba la pamba linasimamiwa na akida, siku za kulima huko ndizo ambazo mtu angepalilia mtama wake, malipo hayaonekani, na kodi inamsubiri mlangoni. Kisha mganga Kinjekitile pale Ngarambe anawapa maji, anawaambia risasi zitageuka maji, na makabila ambayo hayakuwa na mazoea ya kupigana pamoja yakapata kitu kimoja cha kuamini. Halafu ikawaje? Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Hapo nikamsimamisha. "Ulichosema mwishoni ndicho walichokuuliza kwenye moko." Aliniangalia, akachukua kalamu, akaandika "effects" kwa herufi kubwa juu ya ukuta wangu. Mpaka leo lipo, sijalifuta.

Akimaliza kusimulia ndipo anayaandika yale yale kwa Kiingereza, mwenyewe, chumbani. Sikumsahihisha, ningemsahihisha nini? Hiyo kazi ni ya mwalimu wake, na nilimwambia kila Ijumaa ampelekee insha moja. Walimu hawachukii mtoto wa hivyo.

Miaka ilimsumbua sana. Huwa wanapewa matukio yamechanganywa, wanaambiwa wayapange kwa kufuatana, na yeye alikuwa anabahatisha. Nikatoa tepu yangu ya kupimia, ile ya sentimita 150, nikaigongomea kwenye ubao. Sentimita moja mwaka mmoja, sifuri tukaiita 1840, Seyyid Said anahamia Unguja. Mkutano wa Berlin unaanza 1884, kwenye 44. Maji Maji 65. Vita vya Kwanza vya Dunia 74. TANU 114, Uhuru 121, Azimio la Arusha 127. Kila tukio kikaratasi na pini. Vyama vingi vya 1992 vikakosa nafasi, vikabandikwa kwenye mbao nje ya tepu, na hilo ndilo halisahau kamwe. Lakini siku moja aliweka vidole kati ya 65 na 74, akakaa kimya. Akaniambia, "Mama, yaani waliotoka kwenye njaa ile, baada ya miaka tisa wakabebeshwa mizigo ya vita vya Wazungu?" Nikamwambia ndiyo, na Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa hao hao wapagazi, "Carrier Corps" kwa Kiingereza. Hicho hakikuwa kwenye madesa.

Halafu baba. Unamjua, alikuja Tanga kijana kutoka Kasulu, kaletwa na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, aje kukata mkonge. Mada ya uchumi wa kikoloni ina hoja kwamba mikoa kama Kigoma iliachwa makusudi bila mazao ya biashara ili iwe chemchemi ya vibarua. Binti aliikariri weee, haimwingii. Nikamtuma kwa babu yake na uji. Mzee akamwambia: "Kwetu kodi ilitakiwa kwa pesa, na pesa haikuota shambani kwetu. Utafanyaje? Unapanda lori." Akamweleza kipande kilivyokuwa, kadi yenye siku 30, siku uliyoumwa haihesabiwi, na mshahara huuoni mpaka zijae zote. Na jina la manamba walilopewa vibarua hao, kwamba lilitokana na kuitwa kwa namba. Mtoto alirudi analia. Tena kakasirika, akaandika insha ile bila kufungua daftari.

Wewe uko Kilosa, una bahati ambayo sikuwa nayo. Msowero ni hapo hapo kwenu! Kila Mtanzania akiona mkataba wa hovyo anasema "mkataba wa Mangungo", na mwanao anaweza kupanda bodaboda akafika alikotawala huyo Mangungo aliyewekeana mkataba na Mjerumani Karl Peters mwaka 1884. Mtume Jumamosi moja. Asiende na kitabu. Akirudi muulize: mzee wa watu aliwekewa karatasi ya lugha asiyoisoma, alidhani anakubali nini? Muulize na hili, ni nani aliyefaidika? Akijibu hayo kwa Kiswahili chake, swali la mbinu za wakoloni kuingia Afrika Mashariki kalimaliza nusu.

Kitu kingine, na hiki usikilipie mtu. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kwenye tovuti yao wameweka mitihani ya miaka ya nyuma, na pia ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo wanaonesha hata insha za wanafunzi, nzuri na mbovu, na kueleza kwa nini huyu kapata na huyu kakosa. Mpwa wangu alizipakua bure, tukachapisha kurasa chache steshenari. Binti yangu alikuta mwenzake wa mahali fulani kajibu sababu badala ya matokeo, akacheka mpaka akakaa chini. Alijiona.

Uraia ni wepesi zaidi: taarifa ya habari ya saa mbili muwe mnaisikiliza pamoja, ukitajwa muswada muulize umetoka wapi na unaenda wapi. Mkutano wa mtaa aende badala yako mara moja. Jiografia sitakudanganya, zile ramani za vipimo na mistari ya miinuko zilinishinda, nilimpeleka kwa mtoto wa jirani anayesomea upimaji.

Na simu mrudishie. Nilichopata kwa kumnyang'anya ni mtoto aliyenuna tu. Alale pia. Yule wangu alikuwa anakesha, mimi najisifu kwa majirani, kumbe anasinzia darasani.

Alipata C ya Historia. Ulitaka kusikia A, najua, hata mimi nilitaka. Ila nilipomwuliza mtihani ulikuwaje alinisimulia tangu kwenye kituo cha daladala mpaka mlangoni.

Tepu nimekufungia ndani ya ile kanga uliyoisahau kwangu Idi iliyopita, nimempa kondakta wa basi la kesho la Morogoro, atakupigia. Pini ziko humo humo, angalia usijichome. Nimezibandua karatasi zote isipokuwa ya 1840. Ya 1884 aibandike mwenyewe akitoka Msowero.

Msalimie sana, na baba yake.

Wako wa siku zote,
Fundi wa Ngamiani