Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wazee kwa mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa kuwa nyinyi wenyewe ndio mliozifanya. Kamati tendaji ilikaa vikao 9, tuliadhimisha Siku ya Wazee Duniani tarehe 1 Oktoba pamoja na Baraza la Wazee la kata, tuliwatembelea wagonjwa majumbani, na tuliwazika wenzetu 3, Mungu awalaze mahali pema. Ninaomba nisiendelee zaidi na hayo, kwa sababu liko jambo moja ambalo limezungumzwa sana vijiweni na kidogo sana vikaoni, nalo ni fedha tulizotoa kulipia bima ya afya ya kaya za wazee wasio na uwezo.

Kabla ya kueleza uamuzi huo, ni lazima nieleze hali tuliyokuwa nayo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inaelekeza kwamba wazee wasio na uwezo wapatiwe matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Wengi wetu tuliyashika maneno "miaka 60" tukayaacha maneno "wasio na uwezo", na hapo ndipo wenzetu wanapokwama. Mvi peke yake hazimpi mtu msamaha. Ni lazima jina lake litajwe kijijini, lipite kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii, lihakikiwe, ndipo halmashauri itoe kitambulisho cha matibabu. Asiyekuwa na kitambulisho hicho, hata akiwa na miaka 80, mara nyingi huambiwa alipe kama mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana tulipeleka majina 64. Vitambulisho vilivyorudi ni 37, majina 18 yaliambiwa yako katika uhakiki, na 9 yalikataliwa kwa maelezo kwamba wahusika wana watoto wenye uwezo. Nilikwenda makao makuu ya halmashauri mara 11 kufuatilia majina hayo, kwa nauli yangu mwenyewe, na daftari la safari lipo kwa katibu kwa yeyote atakayetaka kulitazama. Siyasemi haya ili nisifiwe. Ninayasema kwa sababu imesemwa kwamba uongozi ulikaa kimya. Kuhusu yale majina 9, msimamo wangu ni ule ule nilioueleza ofisini: uwezo wa mtoto aliye mjini, ambaye hajatuma fedha kwa miaka 2, hauwezi kuhesabiwa kuwa uwezo wa mzazi.

Hata hao 37 waliopata vitambulisho, matatizo yao hayakwisha. Kitambulisho kinamhusu mzee mwenyewe tu, wakati nyumba nyingi za wanachama wetu zina wajukuu walioachwa na wazazi waliofariki au waliokwenda kutafuta maisha. Mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure, lakini akishavuka umri huo gharama zake zinamrudia bibi yake. Mwezi Februari nilimsindikiza mwanachama wetu mmoja, bibi wa miaka 74, kwenye kituo kimoja cha afya. Alifungua fundo la kanga akatoa kitambulisho chake, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kikavu na safi kama siku alipokabidhiwa. Akaelekezwa dirisha la wazee, akaandikiwa bila kulipa. Lakini aliyekuwa na homa kali ni mjukuu wake wa miaka 8. Bibi alidhani kitambulisho kingewatosha wote wawili. Alipoelezwa kwamba mtoto ni lazima alipiwe, alikifunga tena kile kitambulisho kwenye kanga, akasimama pale dirishani bila kusema neno, mpaka nilipotoa fedha mfukoni mwangu.

Ni kwa sababu hiyo kamati tendaji, katika kikao cha tarehe 14 Machi, iliamua kutoa Sh 1,230,000 kutoka kwenye mfuko wa kufa na kuzikana na kuzilipia kaya 41 michango ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu 6. Kati ya kaya hizo, 27 ni za wazee ambao majina yao yalikuwa hayajarudi au yalikataliwa, na 14 ni za wazee wenye vitambulisho wanaolea wajukuu. Mwandikishaji alipita nyumba kwa nyumba na simu yake, akawapiga picha watu 168, na tangu hapo kaya hizo zimehudumiwa kuanzia zahanati, na kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa.

Malalamiko niliyoyapokea ni matatu, nami nitayajibu yote. La kwanza ni kwamba fedha za maiti haziguswi. Ninaheshimu sana mila yetu ya kuzikana, lakini ninaomba mtazame hesabu: mfuko ulikuwa na Sh 2,140,000, na baada ya kulipa bima tuligharimia misiba yote 3 kwa Sh 150,000 kila mmoja bila kuchelewa hata siku moja, na mfuko ukabaki na Sh 460,000. Hakuna aliyekosa sanda kwa sababu ya bima. La pili ni kwamba kaya 16 kati ya hizo 41 zina malimbikizo ya ada. Ni kweli. Hata hivyo, mzee anayeshindwa kutoa Sh 1,000 kwa mwezi ndiye yule yule asiyeweza kutoa Sh 30,000 kwa mkupuo, na kama tungemruka yeye, sijui tungekuwa tunamsaidia nani.

La tatu, na ndilo linaloniumiza, ni kwamba uamuzi haukupelekwa kwenye mkutano mkuu. Ulipelekwa mara mbili. Akidi yetu ni nusu ya wanachama 186, yaani 93. Mara ya kwanza walifika 61, mara ya pili wakafika 48, na miongoni mwa wanaolalamika leo wapo ambao hawakufika mara zote mbili na wala hawakutoa udhuru. Katiba inairuhusu kamati kuamua mambo ya dharura, nami niliona, na bado ninaona, kwamba ugonjwa hausubiri akidi.

Wapo pia walioshauri tungoje kwa kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo inaitaka serikali kuwagharimia wasio na uwezo. Ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini msaada huo nao utahitaji watu watambuliwe kwanza, na mwezi Machi ulikuwa haujamfikia mzee yeyote wa kata yetu. Ninakiri jambo moja: bima haikuleta dawa kwenye rafu. Kaya kadhaa zimerudi na karatasi ya kwenda kununua dawa dukani, na suala hilo tumelifikisha kwa maandishi kwenye kamati ya kituo bila kupata majibu ya kuridhisha.

Kwa upande wa ada, waliolipa kwa ukamilifu ni 89, na makusanyo yalikuwa Sh 1,068,000 badala ya Sh 2,232,000 tulizotarajia. Matumizi ya uendeshaji, yaani shajala, nauli za wajumbe na maadhimisho ya Oktoba, yalifikia Sh 412,000. Wanachama 97 wanadaiwa, na si wote ni maskini. Wengine wana maduka na ng'ombe, na ninawaomba kwa heshima walipe.

Michango ya kaya zile 41 inakwisha mwishoni mwa mwezi Machi, na kwa hali ya mfuko hatuna uwezo wa kuilipa tena. Ni matumaini yangu kwamba majina 18 yaliyobaki yatarudi, na kwamba halmashauri itaona namna ya kuzichukua baadhi ya kaya hizi. Kamati inakusudia pia kuomba kuonana na mkurugenzi wakati muafaka utakapopatikana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti