Nani aliipanda mikarafuu?

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa skuli na sijawahi kukuandikieni. Ile taarifa yenu ya wiki iliyopita, ya ziara za viungo katika mashamba ya zamani ya karafuu, imenishinda kuinyamazia. Mmeandika iliki, mdalasini, vanila, hata bei ya tiketi. Utumwa hamkuutaja hata mara moja.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye shamba moja hapa Unguja. Akavishwa kofia ya makuti, akanusa kila jani, kisha akauliza, "Nani aliipanda mikarafuu yote hii?" Mtembezaji akajibu, "Sultani," akaendelea na mchaichai wake. Nilipomvuta pembeni akanambia, "Mzee wangu, wageni hawaji kusikiliza huzuni." Sultani! Mama yake bibi yangu aliletwa kutoka Nyasa akiwa mtoto, akapalilia na kuchuma mpaka mgongo ukapinda, na tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, watu kama yeye ndio waliopanda upya. Amri ya Sultani Hamoud ya kuondoa utumwa ilipotoka Aprili 1897, bibi alikuwa akitwambia, hakuna aliyefika shambani kwao kuwaambia wako huru. Mtumwa ndiye aliyetakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Fidia akalipwa bwana. Na aliyeachwa huru, asipoonyesha makaazi na njia ya kujikimu, akahesabiwa mzururaji! Masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, ndio kabisa, wao walingoja mpaka mwaka 1909. Hayo yote ni habari za mashambani, na shambani hazisemwi.

Skuli nako ni yaleyale. Mjukuu wangu kafundishwa kwamba soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, basi, somo limekwisha. Pale Mkunazini mjini, lilipokuwa soko hilo, pana kumbukumbu ya watumwa, na ni haki iwepo. Lakini wageni wanaolia asubuhi mbele ya zile sanamu, mchana wanapelekwa shambani kula machungwa, na hakuna anayewaambia kuwa waliouzwa kule ndio waliotumikishwa hapa.

Naomba hivi. Mwezi wa Aprili, masika yakianza na wageni wakipungua, watembezaji wakusanywe siku tatu, wasomewe amri ile yote kwa Kiswahili chini ya mkarafuu, na wazee wa vijiji vya jirani waitwe wasimulie waliyoyasikia kwa bibi zao. Baada ya hapo kila ziara ianze na dakika kumi za habari hiyo, kabla dafu halijakatwa. Nanyi mumtume mwandishi wenu. Nitafuatana naye mwenyewe.

Msomaji wenu,
Unguja