Barua kwa Mwanangu: Karatasi ya ECG Inapokuja Safi

Mwanangu,

Umeniuliza ufanye nini pale karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, inapokuja safi bila dalili ya tatizo, ilhali mgonjwa anatokwa na jasho na kukishika kifua chake. Mwamini mgonjwa kwanza.

Kwamba kipimo hicho kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, najua umefundishwa. Lakini karatasi moja hubeba takribani sekunde 10 tu za moyo huo, na mshipa ulioanza kuziba huenda bado haujaacha alama yoyote. Maumivu yakiendelea, rudia kipimo kila baada ya dakika 15 hadi 30, elektrodi, vile vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo, zikiwa mahali palepale ili michoro ilinganishike, na uagize karatasi yake ya zamani hata kama wa masjala atanung'unika. Wimbi la T, kile kilima cha mwisho cha kila pigo mchoroni, likiwa refu na pana kuliko lilivyokuwa, huenda sehemu ya ST, kipande cha mstari kinachotangulia kilima hicho, iko njiani kupanda.

Ukikuta ST imepanda milimita 1 au zaidi katika II, III na aVF, michoro inayoutazama moyo kutoka chini, huku imeshuka katika aVL, unaoutazama kutoka juu kushoto, ukuta wa chini wa moyo umo hatarini. Hapo usiishie: hamishia elektrodi ya V4, mojawapo ya zile za kifuani, upande wa kulia wa kifua, mahali panapolingana na pale ilipokuwa kushoto, kwa sababu chemba ya chini ya kulia ikiwa imeathirika, dawa za naitreti, zinazotanua mishipa ya damu, zinaweza kuliporomosha shinikizo la damu. Vilevile, ST ikishuka kuanzia V1 hadi V3, zilizo mbele ya kifua, bandika elektrodi za V7 hadi V9 mgongoni. Ukuta wa nyuma hauonekani moja kwa moja kutokea mbele, na huko kupanda kwa nusu milimita kunatosha kukushtua.

Mashine nayo huchapa tafsiri yake juu ya karatasi. Mimi huifunika kwa kidole gumba mpaka nimalize kusoma, maana hukosea, na ST huweza kupandishwa pia na potasiamu iliyozidi au uvimbe wa utando wa moyo. Ila dalili na michoro vikikubaliana kwamba mshipa umeziba, mpigie daktari wa moyo papo hapo, bila kungoja majibu ya troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia.

Mama yako