Barua kutoka Lanzhou

Lanzhou, China
Oktoba

Mpendwa Rehema,

Habari za Njombe? Mama na wadogo zako hawajambo? Mfikishie Mama shikamoo yangu. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, ila baridi imeshaanza kuuma.

Tangu turudi kutoka Dunhuang nimekuwa na hamu ya kukusimulia. Chuo kilitupeleka sisi wanafunzi wa kigeni, treni usiku kucha, zaidi ya kilomita 1,000. Kesho yake tukapanda basi kuelekea Yumenguan, changarawe tupu kulia na kushoto. Hapo palikuwa lango la mpakani la dola ya Han ya China ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Limebaki boma la udongo ulioshindiliwa, kama mita 25 kila upande, kuta zake karibu mita 10 kwenda juu. Paa halipo.

Mbele kidogo kuna kipande cha Ukuta Mkuu wa China wenyewe. Wajenzi walitandaza matete, wakamwaga changarawe, wakatandaza matete tena, tabaka juu ya tabaka. Hayo matete yanaonekana hadi leo, kama fito za nyumba ya udongo iliyobanduka.

Lakini kilichonishika ni habari ya barua. Mwalimu wetu alitusimulia pale pale, kwenye kivuli cha boma. Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alikuwa akichimbua mnara mmoja wa walinzi magharibi ya Dunhuang, akakuta barua za Wasogdi, wale wafanyabiashara wa pande za Samarkand, Asia ya Kati. Ziliandikwa kwenye karatasi mwanzoni mwa karne ya 4, na hazikufika zilikotumwa. Mbili ni za mwanamke, Miwnay. Mumewe alimwacha Dunhuang na binti yao, Shayn, bila fedha. Miaka mitatu anatafuta wa kumtoa pale, kila anayemwendea anamkatalia. Barua moja anamweleza mama yake taabu zake. Nyingine anamwandikia mumewe, na humo hasira imemfika kooni: anamwambia ni heri angekuwa mke wa mbwa au nguruwe kuliko kuwa mke wake.

Rehema, mama yake hakuipata ile barua! Pale watu husimuliwa wafalme na majemadari, lakini mimi tangu siku ile namfikiria Miwnay tu. Barua zenyewe ziko London, Maktaba ya Uingereza, nami naona zingestahili kukaa Dunhuang, alikoteseka mwenyewe.

Sasa nina ombi. Uliwahi kuniambia Bibi bado anazo barua ambazo Babu alimwandikia alipokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Mwombe akuruhusu uzipige picha zote, mbele na nyuma, hata zilizoliwa na mchwa. Na muulize kwa upole kama kuna alizosikia zilitumwa zisimfikie, na kama anakumbuka nani alikuwa akizileta. Usingoje mpaka Desemba, Bibi ni mtu mzima sasa.

Nijibu upesi.

Rafiki yako,
Tumaini