Barua kwa binamu yangu anayepiga picha za magari

Binamu,

Picha za lile gari jeusi nimezitazama moja moja. Kamera yako haina kosa. Kinachokuangusha ni vitu vilivyojichora juu ya rangi: bodi ya gari ni kioo, na jeusi ndilo linaloanika kila kitu. Kwenye mlango wa mbele naona nguzo, pipa la taka na miguu yako mwenyewe.

Kabla ya kubonyeza, chuchumaa usawa wa taa za mbele uukague ubavu wote, bampa hadi bampa. Ukiona doa, geuka ulitafute nyuma yako. Mara nyingi kulisogeza gari nusu mita kunatosha. Uwanja mtupu, wenye anga wazi upande uliosimama wewe, hauna mpinzani. Na usubiri jua lizame. Kwa dakika 15 au 20 hivi anga yote huwa taa moja pana, laini, na ule mkunjo unaopita juu ya vitasa vya milango hujitokeza wenyewe. Beba stendi, maana mwanga unapungua haraka. Jua la saa sita huichoma boneti ikawa nyeupe, magurudumu yakazama gizani.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, izungushe huku ukitazama sehemu moja tu. Nguvu yake hutegemea pembe, hivyo ukiusafisha ubavu, kioo cha mbele huenda kikabaki na mng'ao. Usiufute wote lakini. Rangi hufa, gari likafanana na plastiki. Vioo vya milango vikitoa madoa ya rangi za upinde wa mvua, huo ni mkazo uliobaki ndani ya kioo kilipopozwa ghafla kiwandani. Irudishe filta kidogo.

Ile bampa iliyovimba ni kosa la kusogea karibu na lenzi pana. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 85. Kwenye simu, lenzi ya 2x, inayokuza mara mbili. Ukipiga kwa pembeni mbele, kata usukani kuelekea upande usio na kamera, uonekane uso wa rimu, si meno ya tairi.

Gari likitembea, shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya sekunde 1/1000 huligandisha kama limeegeshwa. Anza na 1/125, ukizoea shuka hadi 1/60. Lifuate kwa kiuno kabla halijakufikia, bonyeza, na uendelee kugeuka nalo hata baada ya shata kufunga. Ukikatisha hapo, gari hutoka na ukungu.

Binamu yako