YAH: Kisufuria cha maziwa, na maneno niliyoambiwa dukani kwenu

Ngamiani, Tanga

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salaam. Nawaandikia kwa heshima, na heshima yenyewe nimeishika kwa mikono miwili isiniponyoke.

Masharti ya dhamana mnayajua, mmeyaandika wenyewe. Kisufuria kimelegea mkono hata miezi mitatu hakijatimiza. Nimekileta Jumamosi, kijana wenu wa kaunta akanijibu mbele za watu: "Mama, hiki ni cha maziwa. Kwani nyumba nzima una sufuria moja?" Watu wakacheka.

Nimekitumia, ndiyo. Chombo kinanunuliwa kikae kabatini? Asubuhi kinachemsha maziwa, na hapo nawasifu: kina kina cha kutosha, maziwa yakifoka yanapata pa kupandia kabla hayajazima jiko, na ule mdomo wa pembeni unamimina kwenye chupa ya chai bila kuchuruzika. Yakitoka maziwa unaingia uji wa mjukuu. Mchana mayai mawili, au tui la mchuzi wa watu wawili. Ramadhani nilikaangia kaimati, maana chombo chembamba chenye kina hakitaki mafuta mengi. Vikombe viwili tu, kaimati zinaelea tano tano. Karai langu lingemeza chupa nzima. Nikikiosha, shira humo humo. Ukwaju tu ndio sikuthubutu kuuchemshia, kwa sababu alumini na uchachu haviivi chungu kimoja, mchuzi unabaki na ladha ya chuma. Hilo nalijua bila kufundishwa na mtu wa kaunta.

Na kwenye boksi lenu mmechora nini? Yai, bakuli la supu na tambi. Maziwa yenyewe hayamo!

Mkono umeshikwa na skrubu moja. Kitako ni kidogo, moto wa gesi unatambaa pembeni hadi kwenye plastiki, plastiki inalainika, skrubu inazunguka. Siku ulipogeuka mkononi mwangu ndani mlikuwa na shira ya moto. Mjukuu alikuwa amelala, Alhamdulillah. Nilipiga simu siku ile ile, na kesho yake tena, mkaniambia nikilete. Nikakileta.

Sasa nirudi kwa huyo kijana, maana hajanitoka moyoni. Alikitoa kwenye kikapu changu kwa vidole viwili, kama anashika mkia wa panya aliyekufa. Akakigeuza, akagonga kitako kwa kalamu, ti, ti, ti, akaona alama ya mafuta. "Hiki kimekaangiwa." Kama vile kanikuta naiba. Halafu akapaza sauti, hakuniangalia mimi, aliangalia foleni: "Mama, hiki ni cha maziwa. Kwani nyumba nzima una sufuria moja?" Katika waliocheka alikuwamo jirani yangu wa Barabara ya 12, ambaye sufuria yangu ya pilau ya shughuli ameiazima tangu mwezi wa Rajabu na hajairudisha. Alicheka kwanza, ndipo akajifunika kanga. Nina sufuria tisa, Bwana Meneja. Na ningekuwa nayo moja, ingekuwa kosa?

Nilipokaa kuandika nilitaka mkono mpya na skrubu yake, basi. Sasa mkono siutaki. Nataka kisufuria kipya chenye mkono uliopigwa misumari miwili, au shilingi 22,000 zangu. Vyote viwili havitoshi kama kijana hataniomba radhi pale pale kaunta, Jumamosi, foleni ikiwepo, kwa sauti ile ile.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii na picha za skrubu zinakwenda Tume ya Ushindani, nakala Shirika la Viwango. Na kisufuria nitakuja nacho mwenyewe nikiweke juu ya kaunta yenu, mkono wake kando, nikae kwenye kiti cha wateja mpaka mfunge. Atakayeuliza nitamweleza.

Ni mimi, mteja wenu hadi sasa.

Stakabadhi nimeambatisha nakala. Yenyewe naitunza.